Mabuti ya Pikipiki ya Kizamani

Pikipiki yangu ni mpya, ila imetengenezwa ionekane kuukuu. Ina taa moja ya duara mbele, tangi lililonyongeka kiunoni kama kibuyu, kiti kirefu cha kahawia kilichoshonwa kwa mistari, na mabomba ya moshi yanayong'aa kama sufuria za arusi. Siku nilipoileta nyumbani, shemeji yangu, kaka wa mke wangu, aliizunguka akiwa ameweka mikono nyuma. Kisha akaniuliza kwa upole kwa nini nimenunua kitu kipya kilichozeeshwa, ilhali Nairobi imejaa vitu vilivyozeeka vyenyewe. Nilimwambia ni mtindo. Akatikisa kichwa kama mtu aliyepewa habari za msiba wa mbali.

Majirani walielewa haraka zaidi. Tunaishi katika mojawapo ya mitaa ya zamani nyuma ya Jogoo Road, kwenye nyumba zilizojengwa kwa ajili ya watu wa reli na wa baraza la jiji. Mimi mwenyewe nililelewa humo, baba yangu akiwa mtu wa reli aliyetoka magharibi na sanduku moja. Hapo kwetu, mwanamume wa makamo akitoka asubuhi na tai na kurudi jioni na pikipiki, maana yake ni moja tu: ofisi imemtoa. Jirani wa ghorofa ya juu, mama mwenye huruma sana, alikuja kumpa mke wangu pole. Akamtia moyo kwamba hata mpwa wake alianza kubeba abiria kwa boda hivyo hivyo, akiwa amekata tamaa, na sasa ana mke. Kwa siku kadhaa watu walinipungia mkono nikisimama kando ya ile pikipiki, nami nikawapungia, mpaka nilipogundua kwamba hawakuwa wakinisalimu. Walitaka kupelekwa Donholm.

Mke wangu hakugomba. Angegomba ningejua la kufanya, kwa sababu katika ndoa yetu nimejifunza kunyamaza mpaka mawingu yapite. Yeye ni muuguzi, na sehemu kubwa ya maisha yake ya kazi ameitumia katika wodi ya mifupa. Alishuka ngazi akiwa bado na sare, akaitazama pikipiki, akasema ni nzuri, kweli ni nzuri. Kisha akauchomoa ufunguo na kuutia mfukoni.

"Huu utaupata siku utakapovaa kiatu," akasema.

Nikamwambia nimevaa kiatu. Akaitazama miguu yangu. Nilikuwa na viatu vyangu vya ofisini, vyeusi, vya soli nyembamba, nilivyovipiga rangi asubuhi ile ile.

"Hiyo ni soksi ngumu," akasema, akapanda ngazi.

Baadaye, tukila, alinieleza kwa utulivu anaoutumia kwa jamaa za wagonjwa. Kichwa, alisema, kila mtu hukikumbuka, kwa kuwa askari wa barabarani hukikumbuka pia. Mguu hakuna anayeukumbuka. Watu hununua helmeti, koti, hata glavu, kisha wanapanda na kandambili. Vichwa vilivyoumia hupelekwa wodi nyingine; kwake yeye huletwa vifundo. Alisema hayo huku akinitilia mboga, nami nikaacha kula kwa muda.

Basi nikaanza kutafuta mabuti, na ni lazima niseme ukweli kwamba nilianza kwa furaha. Nilikuwa na picha kichwani. Kwenye simu nilikuwa nimewatazama sana wanaume wanaoendesha pikipiki kama yangu katika nchi zenye ukungu, barabara zisizo na mkokoteni hata mmoja, na wote walikuwa na ndevu na mabuti ya kahawia yaliyochakaa kidogo, kamba zimefungwa nusu. Ndevu mimi zinaniota upande mmoja zaidi ya mwingine. Lakini mabuti, nilijiambia, mtu yeyote anaweza kuyapata.

Nilikwenda Gikomba, upande wa viatu vya mtumba, na hapo nikayapata kwa wepesi ambao ungenitia shaka kama ningekuwa na akili timamu. Muuzaji alikuwa ameyaweka peke yake juu ya turubai, mbali na mengine. Aliyaita kamera, jina wanalolipa chaguo la kwanza kabisa, vitu vinavyotolewa kwenye robota kabla mkono wa mtu mwingine haujavigusa. Yalikuwa ya ngozi ya kahawia, laini, yenye harufu ya kabati la mtu tajiri. Nilipomwambia ni ya pikipiki ya kizamani, alinitazama upya. Akasema pale pale alijua, tangu aliponiona nikitokea, kwamba mimi ni mtu wa historia. Nilinunua kwa kubembeleza bei kidogo mno, mpaka nikaona amepata wasiwasi kwamba kuna kitu hakukijua kuhusu bidhaa yake mwenyewe.

Nyumbani niliyavaa na kutembea sebuleni, kutoka dirishani hadi kwenye kabati la vyombo na kurudi. Mke wangu alinitazama hadi nilipochoka. Kisha akaomba buti moja, akalikunja kwa mikono miwili. Lilikunjika kama chapati. Akaingia jikoni na kurudi amebeba mtungi wa gesi.

"Yavae tena. Simama hapo mlangoni."

"Ya nini?"

"Unayaamini?"

"Nayaamini."

"Basi nyoosha mguu."

Mtungi ule ulikuwa umejaa. Nilikuwa nimeupandisha mwenyewe kutoka dukani jana yake, na mgongo wangu bado uliukumbuka. Nimekwenda kanisani tangu utotoni na nimesikia mahubiri mengi juu ya imani kujaribiwa, lakini sikuwahi kufikiria kwamba jaribu langu litakuja likiwa limepakwa rangi ya kijani na kufungwa mdomo kwa plastiki. Nilimtazama usoni kuona kama anatania. Hakuwa akitania. Nikaketi kwenye kiti, nikaanza kufungua kamba.

Alirudisha mtungi jikoni, akaweka chai motoni. Ndipo alipouliza muuzaji alikuwa ameyaita jina gani. Nikamwambia kamera.

"Ndiyo maana," akasema. "Ni ya kupigwa picha."

Mara ya pili sikutaka kuaibika. Nilikwenda Eastleigh, First Avenue, kwenye duka linalouza sare za walinzi, nikaomba kiatu kigumu kuliko vyote vilivyomo. Muuzaji aliingia nyuma akatoka na mabuti meusi yenye chuma vidoleni na soli nene kama tairi la lori. Yalikuwa mazito. Kuyabeba tu kulinifanya nijione nimewajibika. Nilipofika nyumbani nilikwenda mwenyewe jikoni kuchukua mtungi wa gesi, nikampa mke wangu, nikanyoosha mguu kama mtu aliyezaliwa upya.

Aliuachia. Mtungi ulianguka juu ya vidole, ukaruka, ukatua sakafuni na kupasua kigae. Mimi sikusikia maumivu yoyote. Tulitazama kigae, kisha tukatazamana, kisha tukavuta mkeka tukakifunika, na mwenye nyumba hajui mpaka leo. Mke wangu aliutoa ufunguo mfukoni, akanikabidhi kwa mikono miwili.

Furaha yangu ilidumu mpaka nilipotaka kubadilisha gia. Kwa asiyejua, gia ya pikipiki hubadilishwa kwa mguu wa kushoto. Ya kwanza unaikanyaga chini. Zinazofuata unaziinua kwa vidole, ukiingiza ncha ya kiatu chini ya kile kichuma. Buti langu liliweza kukanyaga. Kuinua halikuweza, maana kile chuma cha vidoleni kilikuwa kinene kuliko nafasi iliyokuwapo. Kwa hiyo nilitoka mtaani kwa gia ya kwanza, nikaingia barabarani kwa gia ya kwanza, injini ikilia kama mbuzi anayepelekwa asikotaka. Mwenye mkokoteni wa maji alinipita upande wa kulia. Baadaye nilijifunza kuinua gia kwa ubavu wa kiatu, goti likiwa limetupwa nje, na nikafika ya pili. Ya tatu niliiona mara chache, siku za bahati.

Hilo ningelivumilia. Lililonishinda ni jingine, nami nilipaswa kulijua kuliko mtu yeyote, kwa kuwa nimekulia huku. Mtoto wa Eastlands hujifunza mapema kwamba askari aliyevaa kiraia anaweza kubadilisha shati, kofia, hata mwendo, lakini mabuti habadilishi. Mimi sasa nilikuwa na mabuti meusi, koti jeusi, na pikipiki ambayo hakuna aliyejua ni ya kampuni gani. Vijana wanaokaa pembeni mwa geti letu, ambao kila siku huniambia "niaje mzee" hata nikiwa sijawaona, walinyamaza nilipopita. Kesho yake pembe ile ilikuwa tupu. Mmoja wao, kijana niliyemjua tangu akibebwa mgongoni, nilikutana naye dukani, akasimama wima na kuniuliza habari za kazi. Nikamwambia ni nzuri. Akanishukuru, akaondoka bila kuchukua mkate alioulipia.

Jumapili moja nilikwenda kumtembelea dada yangu mkubwa, mjane anayeishi Huruma kwenye ghorofa ya juu ya jengo lenye milango mingi iliyotazamana. Nilianza kupanda ngazi kama kawaida. Ila sasa kila hatua yangu ilisikika jengo zima, ko, ko, ko, na kadiri nilivyopanda ndivyo jengo lilivyonyamaza. Redio zilishushwa sauti. Milango iliyokuwa wazi ikarudishwa taratibu. Nikasikia choo kikimwagwa maji, kikamwagwa tena, na tena, jambo la ajabu katika jengo ambalo maji huja kwa zamu. Dada alifungua mlango nusu, akanitazama kuanzia chini, akanivuta ndani kwa mkono wa koti.

Alinipa chai, lakini kwanza alinipa maneno. Aliniuliza kama baba yetu aliyekufa akiwa mtu wa heshima angefurahi kuona natembea kuwatisha watu siku ya Bwana. Nilimweleza habari za vifundo, za wodi, za mtungi wa gesi. Nadhani hakunielewa, maana aliuliza kama mke wangu amekuwa akinipiga.

Kabla chai haijapoa mlango uligongwa. Alikuwa jirani wa dada, mama mmoja ambaye, kama nilivyokuja kuambiwa baadaye, huuza pombe ambayo haiuzwi madukani. Alikuwa ameshika kuku mkubwa mwekundu, amefungwa miguu kwa uzi wa gunia. Alinipigia goti kidogo.

"Afande, ni kitu kidogo tu cha watoto wako."

Nikamwambia, kwa heshima zote, mimi si afande. Ni karani wa ofisi.

Akatabasamu tabasamu la mtu aliyeishi mjini. "Naelewa, afande. Hata mimi sijakuona."

Dada aliingilia kati. Akamwambia huyu ni ndugu yake wa tumbo moja, amekuwa karani tangu ujana wake, na hajawahi kumkamata hata panya. Yule mama alimgeukia dada, na nikaona heshima mpya ikimjia machoni: miaka yote hiyo ya kupanga chumba mkabala na dada wa polisi, na dada wa polisi hajawahi kujigamba hata siku moja. Akaweka kuku sakafuni, akatoka akirudi kinyumenyume.

Nilitaka kumfuata na kumrudishia. Dada akanikataza. Alisema nikirudisha, yule mama ataelewa kwamba kuku ni mdogo, na atahangaika kutafuta mbuzi. Basi nikateremka ngazi za jengo lile lililonyamaza nikiwa na kuku kwapani, nikamfunga nyuma ya kiti cha kahawia kilichoshonwa kwa mistari, nikarudi Jogoo Road kwa gia ya pili. Yule kuku alipiga kelele njia nzima. Katika watu wote wa siku ile, yeye peke yake hakunichukulia kuwa mtu mkubwa.

Mke wangu alicheka mpaka akaketi chini. Alipomaliza kucheka alibaki ameshika tama, na nikajua kuna lililobaki. Alisema vidole vyangu viko salama, hana shaka, lakini hivi nikikutana na mtu ambaye askari wamemuumizia ndugu, na siku hiyo akaamua kuwa jasiri, chuma cha vidoleni kitanisaidia nini? Sikuwa nimelifikiria hilo. Nilikuwa nimeona kichekesho tu, milango ikifungwa na choo kikimwagwa maji, wala sikuwa nimejiuliza watu wale walikuwa wamewahi kuona nini hata wakaogopa sauti ya kiatu kwenye ngazi. Niliutoa ufunguo nikamrudishia kabla hajauomba. Mabuti nikampa mlinzi wa geti letu, ambaye yalimkaa vizuri kuliko yalivyonikaa mimi, na ambaye tangu siku hiyo watu humwitikia anapouliza wanaenda nyumba gani. Kuku tulimla. Huko Huruma, mtunza jengo alitengeneza bomba la dada lililokuwa likivuja siku nyingi, na dada hakumwuliza kwa nini.

Safari ya tatu mke wangu alisema tutakwenda pamoja. Tulirudi Eastleigh, si barabarani bali ndani ya jumba mojawapo la maduka, ghorofa za juu ambako wateja ni wachache na wauzaji wana muda. Kulikuwa na kijana wa Kisomali anayeuza mavazi ya waendeshaji pikipiki, mengi yakiwa yametoka ng'ambo, yameshavaliwa na watu wenye ukungu wao. Alinikaribisha mimi kwanza, akaanza kusifu. Kisha akaona nani amekuja kununua, akageuza kiti.

Mke wangu aliyakunja yote, moja baada ya jingine. Yaliyokunjika yalirudi rafuni. Yenye chuma kinene vidoleni nayo yalirudi, kwa sababu alikuwa amenikalisha kwenye stuli na kunyoosha fimbo ya mwavuli wake mbele ya mguu wangu wa kushoto, juu kidogo ya sakafu, akaniambia, "Hii ni gia. Inua." Wateja wengine walisimama kututazama. Mtu mzima ameketi katikati ya duka akiinua mwavuli kwa vidole vya mguu, na mke wake akimwambia bado, bado, hapo sasa. Niliinua gia za mwavuli ule kuliko nilizowahi kuinua barabarani.

Mwishowe ikabaki jozi moja. Mke wangu akamtazama yule kijana.

"Wewe unayaamini haya?"

Kijana alivua ndala zake, akavaa buti la kulia, akanyoosha mguu. Mtungi wa gesi hatukuwa nao, kwa hiyo mke wangu alitumia mkoba wake, na wanaoujua mkoba ule wanajua tofauti si kubwa. Ulianguka kwa kishindo. Kijana alisimama pale pale akiwa na uso wa mtu anayesubiri basi. Tukanunua.

Yalikuwa mabaya kuyatazama. Sitaki kuyadhulumu, lakini ndivyo yalivyokuwa: kahawia iliyokaribia kijivu, mapana vifundoni kama miguu iliyovimba, maana ndani yake pembeni mna mabakuli magumu ya kukinga mfupa. Tena buti la kushoto peke yake lina kipande cha mpira juu ya vidole, pale gia inapogusa, ili ngozi isilike. Kipande hicho ndicho kilichonitesa. Mtaani kila mtu alidhani nimenunua viatu vilivyotoboka na kuvitia kiraka kimoja. Fundi wa viatu wa pale getini alijitolea kunitilia kingine upande wa pili ili vilingane, tena bure, kwa vile alikuwa amesikia habari za ofisi. Jirani wa ghorofa ya juu alimwambia mke wangu kwamba maisha yana kupanda na kushuka. Lakini vijana wa pembeni walirudi, wakaanza tena kuniambia niaje mzee, na moyo wangu ukatulia.

Yaliyonipata baada ya hapo yalinipata nikiwa nimesimama. Watu wakinisikia nikisema niliangukiwa na pikipiki hufikiria mwendo, lori, barabara ya mvua. Ilikuwa kituo cha petroli, mchana kweupe, jua likiwaka. Niliingia taratibu na vizuri, gia zote zikiitikia, nikasimama kando ya pampu, nikatelemsha stendi kwa mguu kama nilivyoona wale wenye ndevu wakifanya. Kuna bibi mmoja kwenye gari alikuwa akiitazama pikipiki, na nadhani nilikuwa namtazama akiitazama. Stendi haikufika mwisho. Nilipoachia uzito, pikipiki yote iliinama upande wangu, polepole, bila haraka yoyote, ikalala juu ya mguu wangu wa kushoto na kuubana kwenye saruji.

Nakumbuka kwamba sikupiga kelele, si kwa ushujaa bali kwa kutojua kama kuna haja. Nilisubiri maumivu yaje na hayakuja. Mhudumu wa pampu na mwenye teksi mmoja waliiinua, wakanivuta, wakanikalisha kwenye kreti la soda, na kila mmoja akawa ananiambia nisimame au nisisimame. Nilisimama. Lile bakuli la kifundo lilikuwa limechubuka, na mchubuko ulikuwa mrefu kama kidole changu cha kati. Mguu uliokuwa ndani haukuwa na kitu. Yule bibi alishusha kioo akaniuliza kama niko salama, na pikipiki hakuitazama tena.

Mke wangu nilimkuta ameshatoka zamu. Nilikuwa nimepanga kumsimulia kwa namna ya kuchekesha, lakini aliliona lile buti kabla sijafungua mdomo. Akanikalisha. Akanivua kiatu, akanivua soksi, akabonyeza kidole kimoja kimoja, akazungusha kifundo, akaniambia nisimame kwa mguu mmoja. Nilisimama kama korongo. Alipomaliza hakunirudishia kiatu. Alikaa akiwa amekipakata mapajani, kidole chake kikipita juu ya mchubuko, kikienda na kurudi.

"Ulikuwa unaenda wapi?" akauliza.

Nikamwambia hapo karibu tu, kutia mafuta.

"Wote husema hivyo," akasema. "Wote walikuwa wanaenda hapo karibu tu."

Sijawahi kumwona akileta wodi yake nyumbani kiasi kile. Kwa kawaida huiacha getini pamoja na uchovu. Nilitaka kumwambia kitu kizuri, na nilichopata ni kumwambia kwamba alichagua vizuri. Akasema anajua. Kisha akaniuliza pikipiki yenyewe imeumia wapi, na nilipomwambia kioo kimevunjika akasikitika kweli, na hapo ndipo nilipotambua kwamba alikuwa akiipenda.

Jumamosi moja ambayo hakuwa na zamu alinikuta chini ya ngazi nikifuta tangi. Alikuwa amevaa mabuti. Sikuwa nayajua. Yalikuwa marefu, karibu yafike magotini, rangi ya damu ya mzee, na zipu ya dhahabu ubavuni. Nilimwuliza ameyatoa wapi. Eastleigh, akasema, duka la chini, alikuwa akipita. Nikamwuliza kama yana kinga ya kifundo. Hakujua. Nikauliza kama aliyakunja. Hakuyakunja.

"Yamenipendeza," akasema. "Washa twende."

Nilikuwa na mengi ya kusema, yote nikiwa nimefundishwa na yeye. Niliyameza. Ukiwa umeoa muda mrefu unajua ni siku gani mtu anataka ushauri na ni siku gani anataka upepo. Alipanda nyuma, akanishika kiunoni, tukashika Kangundo Road, na kila alipoona njia imefunguka alinigonga bega. Mara ya kwanza nilidhani anaogopa, nikapunguza mwendo. Akanigonga kwa nguvu zaidi. Ndipo nikaelewa anataka niongeze.

Tulipopita Njiru mvua ikatukuta, ile isiyotoa taarifa. Tulijibanza barazani kwa duka la vifaa vya ujenzi, tukawakuta waendesha boda kadhaa wamejibanza vile vile na gambuti zao za mpira. Mabuti yangu yalikuwa yamejaa maji. Muuzaji alikuwa ametuapia kwamba hayapitishi maji, na hakusema uongo: maji yaliyoingia kwa juu hayakupata pa kutokea. Mwendesha boda mmoja, kijana mpole, alitutazama miguu kwa muda mrefu. Kisha akamwuliza mke wangu.

"Mathe, hizo buti umetoa wapi? Nataka kumchukulia mke wangu."

Mke wangu akamwelekeza kwa makini, duka, mlango, hata jina la barabara ya kuingilia, na yule kijana akarudia ili asisahau. Yangu hakuna aliyeyauliza. Mvua ilipopungua niliketi juu ya mifuko ya saruji, nikayavua moja moja, nikayamwaga maji, nikayavaa tena yakiwa baridi kama samaki. Nilipendekeza turudi nyumbani tukabadilishe nguo. Mke wangu alikuwa ameshavaa helmeti. Aliniuliza barabara ile inafika wapi. Nikamwambia Tala, na ukiendelea unafika kwao, alikozaliwa. Akafikiri kidogo, akapanda, akanigonga bega.